Kuuliza Si Ujinga, Lakini Umemuuliza Nani?
Namna ya kuongeza injini mpya ya utafutaji katika kivinjari cha simu au kompyuta yako

Haya ni maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi uliofanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wakazi waliotaka kunakili hatua zilizoelezwa.



Nimeombwa kuzungumzia huduma za Serikali zinazopatikana kwa njia ya mtandao. Kabla ya huduma yenyewe, hata hivyo, kuna hatua moja ndogo ambayo sisi watumishi tumekuwa tukiiruka. Tunawaambia wananchi, "Ingieni mtandaoni." Hatuwaambii waingilie mlango gani. Kwa kosa hilo watu wamepoteza fedha, na mimi ninayesimama mbele yenu ni mmoja wao.

Ndugu wananchi, miaka miwili iliyopita nilikuwa nikitafuta utaratibu wa kupata cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, aliyekuwa anakaribia kuandikishwa darasa la kwanza. Ilikuwa usiku. Nilichukua simu, nikaandika maneno matatu katika kisanduku cha juu: cheti cha kuzaliwa. Majibu yakaja, nikagusa la kwanza. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na nembo ya Taifa, rangi za bendera, na maneno ya kuvutia kuhusu huduma ya haraka. Nikajaza jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa, majina ya wazazi, na namba yangu ya kitambulisho cha Taifa. Mwishoni nikaelekezwa kutuma shilingi elfu kumi na tano kwenye namba ya simu. Nikatuma.

Asubuhi nilipomsimulia mwenzangu ofisini, aliniuliza swali moja tu: "Ulipewa namba ya kumbukumbu ya malipo?" Nikanyamaza. Malipo ya Serikali hupita katika mfumo wake wa malipo, GePG, na kila mlipaji hupewa namba yake ya kumbukumbu. Mimi nilikuwa nimemtumia fedha mtu binafsi nisiyemjua. Nilipoufungua tena ukurasa ule na kutazama vizuri, niliona juu ya jibu lile neno dogo la kijivu lililosema kwamba ni tangazo. Mtu alikuwa amelipia ili mimi nimwone yeye kabla ya ofisi inayohusika.

Fedha nimeshazisahau. Nisichokisahau ni kwamba jina la mwanangu, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho changu vimo mikononi mwa mtu nisiyemjua, na sina namna ya kuvirudisha. Nina stashahada ya mawasiliano ya umma, na kazi yangu ya kila siku ni habari. Ikiwa mimi nilianguka, siwezi kumlaumu mkulima aliyetoka shambani jioni, akashika simu akiwa amechoka.

Kivinjari na injini ya utafutaji

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo wengi wetu huvichanganya. Kivinjari ni programu inayofungua kurasa za intaneti. Chrome, Firefox, Safari na Opera ni vivinjari. Injini ya utafutaji ni huduma inayopokea swali lako na kukuletea orodha ya kurasa. Google, Bing, DuckDuckGo na Ecosia ni injini za utafutaji.

Fikirini mtu anayeshuka stendi katika mji asioujua. Basi lililomleta ndilo kivinjari. Mtu anayemuuliza njia ndiye injini ya utafutaji. Pale stendi yumo mwenyeji mwema atakayekuelekeza vizuri, na yumo pia mpiga debe anayelipwa kwa kila abiria anayempeleka kwenye gari fulani. Wote wawili watakujibu kwa tabasamu, na mgeni hawezi kuwatofautisha kwa sura.

Injini nyingi za utafutaji huendeshwa kwa fedha za matangazo. Hilo si dhambi. Gazeti na redio navyo huishi kwa matangazo. Lakini msomaji wa gazeti hutambua tangazo kwa mpaka uliochorwa kulizunguka. Katika kioo kidogo cha simu, tangazo na jibu hufanana kama mapacha, na tangazo ndilo hutangulia. Wahenga walisema, ukiona vinaelea, vimeundwa. Orodha ile haikujipanga yenyewe.

Nani alinichagulia?

Katika kitongoji kimojawapo cha kata hii, mzee mmoja aliniuliza swali ambalo limenikaa moyoni. Alisema, "Mwanangu, simu ni yangu, bando nanunua mimi. Sasa nani alinichagulia mtu wa kumuuliza?"

Swali la mzee wetu limejadiliwa hata katika mahakama kubwa za dunia. Kivinjari kinapokufikia mara ya kwanza, tayari kimewekewa injini moja ya utafutaji, inayoitwa chaguo-msingi. Nafasi hiyo ina thamani kubwa sana, kwa kuwa watu wengi hawaibadilishi kamwe. Mwezi Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington, Marekani, aliamua kwamba kampuni ya Google ilikuwa imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Katika kesi hiyo ilielezwa kwamba mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa watengenezaji wa simu, vivinjari na wengine, ili iwe chaguo-msingi. Huko Ulaya, mwaka 2018, Tume ya Umoja wa Ulaya iliitoza kampuni hiyo faini ya euro bilioni 4.34 kwa namna ilivyotumia mfumo wa Android kuimarisha nafasi yake ya utafutaji.

Sisemi haya ili muikimbie injini hiyo. Mimi mwenyewe ninaitumia, na hunisaidia kila siku. Ninayasema ili mzee wetu apate jibu lake: waliokuchagulia walilipana, na wewe hukuulizwa. Hata hivyo, haki ya kubadilisha unayo, nayo haigharimu hata senti moja.

Siri iliyomo ndani ya anwani

Watu hudhani kuongeza injini mpya ni kazi ya fundi, nayo kwa kweli ni kazi ya kuandika mstari mmoja. Unapoandika swali katika kisanduku cha juu, kivinjari hulibandika swali lako ndani ya anwani iliyokwisha kuandaliwa. Ukiuliza bei ya alizeti kupitia DuckDuckGo, kivinjari hufungua anwani hii:

https://duckduckgo.com/?q=bei+ya+alizeti

Mnaona kwamba swali limekaa mwishoni mwa anwani. Sasa ukiyaondoa maneno ya swali na kuweka mahali pake alama ya asilimia ikifuatiwa na herufi ndogo s, yaani %s, umekiambia kivinjari: "Hapa ndipo utakapokuwa ukiliweka swali langu." Huo ndio ufundi wote. Kila tovuti yenye kisanduku cha kutafutia kinacholiweka swali ndani ya anwani inaweza kugeuzwa kuwa injini ya utafutaji katika kivinjari chako.

Kwa sababu hiyo tunaweza kujiongezea injini inayotafuta ndani ya tovuti za Serikali ya Tanzania tu. Tovuti za taasisi za Serikali yetu huishia na herufi go.tz, na anwani za mwisho huo hazitolewi kwa mtu binafsi. Injini kubwa za utafutaji zina neno la amri, site, linalofuatiwa na nukta mbili, ambalo huzuia utafutaji usitoke nje ya mipaka unayoitaja. Tukiliunganisha neno hilo na alama yetu ya %s, tunapata mstari huu ambao ninaomba kila mwenye kalamu aunakili:

https://duckduckgo.com/?q=site:go.tz+%s

Anayependa kubaki na Google ataandika:

https://www.google.com/search?q=site:go.tz+%s

Hatua za kufuata

Kwenye kompyuta yenye kivinjari cha Chrome, kama zile za steshenari zetu, bofya nukta tatu zilizo juu kulia, kisha ingia kwenye mipangilio, iliyoandikwa "Settings". Chagua sehemu ya injini ya utafutaji, halafu ingia mahali pa kusimamia injini na utafutaji wa tovuti. Katika sehemu ya utafutaji wa tovuti bofya kitufe cha kuongeza. Utaona visanduku vitatu. Katika kisanduku cha jina andika Serikali. Katika kisanduku cha kifupisho andika herufi sk. Katika kisanduku cha anwani andika mstari mmojawapo kati ya ile miwili niliyoitaja. Hifadhi. Tangu hapo, ukiandika sk katika upau wa anwani na kubonyeza kitufe cha Tab, swali utakaloandika litatafutwa kwenye tovuti za Serikali tu.

Kwenye simu ya Android yenye kivinjari cha Firefox, ambacho hupakuliwa bila malipo, gusa nukta tatu, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya utafutaji iliyoandikwa "Search". Gusa injini ya chaguo-msingi, na chini ya orodha utaona mahali pa kuongeza injini nyingine. Andika jina, andika mstari wa anwani wenye %s, kisha hifadhi. Nashauri usiifanye injini hii ya Serikali kuwa chaguo-msingi, kwani hapo hata ukitafuta matokeo ya mpira utaletewa kurasa za wizara. Iache katika orodha, na uichague pale unapohitaji huduma ya umma kwa kugusa alama ndogo ya injini iliyo pembeni ya upau wa anwani.

Kwenye simu yenye Chrome huwezi kuandika mstari wako mwenyewe. Unaweza tu kubadilisha chaguo-msingi kwa kuchagua miongoni mwa injini unazooneshwa katika mipangilio. Simu za iPhone zenye Safari nazo hukupa orodha ya kuchagua. Wenye simu hizo msivunjike moyo. Andikeni swali lenu kama kawaida, kisha ongezeni kwa mkono maneno site:go.tz bila kuacha nafasi ndani yake. Kwa mfano: cheti cha kuzaliwa site:go.tz. Matunda ni yaleyale.

Kwa wanafunzi wetu wa sekondari, naongeza injini ya pili. Ensaiklopidia ya Wikipedia ina toleo la Kiswahili, na unaweza kuiweka katika kivinjari kwa njia ileile, kwa mstari huu:

https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=%s

Mtoto akiuliza kuhusu Mlima Kilimanjaro au usanisinuru, ataanza kusoma kwa lugha anayoielewa, kisha aendelee na vitabu vyake vya kiada.

Mipaka ya ufundi huu

Ndugu wananchi, sitaki mtoke hapa mkidhani nimewapa hirizi. Kwanza, si kila kilicho nje ya go.tz ni utapeli. Vyuo hutumia ac.tz, mashirika mengi hutumia or.tz, na kampuni hutumia co.tz, zikiwemo baadhi zinazotoa huduma tunazozitegemea. Injini hii ni ya kuanzia unapotafuta huduma ya ofisi ya Serikali.

Pili, isomeni anwani kabla ya kujaza chochote. Tazameni herufi zilizo kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Hapo ndipo go.tz inapaswa kuishia. Tapeli anaweza kuweka kistari mahali pa nukta, au akatanguliza go.tz kisha akamalizia na com. Jicho la haraka litaona herufi linazozizoea na kupita. Vilevile, ile alama ya kufuli huonesha tu kwamba mawasiliano yamefungwa yasisomwe njiani. Haisemi kwamba anayekungoja upande wa pili ni mwaminifu.

Tatu, kubadilisha injini hakuondoi matangazo. DuckDuckGo, iliyoanzishwa mwaka 2008, hueleza kwamba haihifadhi historia ya mambo unayoyatafuta, lakini nayo hupata mapato yake kwa matangazo yanayofuata neno uliloliandika. Basi kila mara tafuteni lile neno dogo linaloonesha kwamba jibu ni tangazo, na mlipite.

Nne, ukifika kwenye malipo, dai namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Ukipewa namba ya simu ya mtu, simama hapohapo. Na kama umeshatapeliwa, usinyamaze kwa aibu kama nilivyotaka kufanya mimi. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma huripotiwa kwa kutuma kwenda 15040. Toa pia taarifa kituo cha polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu wa namna hii. Taarifa zako binafsi nazo zina ulinzi katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Maswali ya wananchi

Mama mmoja aliuliza: "Mimi natumia kitochi. Haya yananihusu nini?" Nilimjibu kwamba yanamhusu kuliko wengine. Asiye na simu janja hutafutiwa na mtu mwingine, ama mtoto wake, ama kijana wa steshenari. Mama, una haki ya kusema, "Nioneshe anwani, inaishia na nini?" Huhitaji kujua kompyuta ili kutambua herufi nne: g, o, t, z. Na risiti ya malipo idai mkononi.

Kijana mwenye duka la steshenari aliuliza kama kuongeza injini kutakula bando. Kuongeza kwenyewe ni maandishi machache tu. Kupakua kivinjari kipya ndiko kunakotumia data, na ni mara moja. Niliwaomba yeye na wenzake waiweke injini ya Serikali katika kompyuta zao zote, kwa sababu watu wengi wa kata hii hupita mikononi mwao kabla ya kuzifikia huduma.

Mzee wa swali la awali naye alisimama tena. Akasema, "Kwa hiyo na ninyi Halmashauri mmekuwa mkituambia twende sokoni bila kutuonya kuhusu wapiga debe." Watu walicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu alisema kweli. Nimeyapitia matangazo niliyoyaandika kwa mkono wangu katika jarida hili na kwenye mbao za vijiji. Mengi yanasema "tembelea tovuti yetu" na hayataji anwani. Kwa hilo ninaomba radhi. Kuanzia toleo hili, kila tangazo ninaloliandaa kuhusu huduma ya mtandaoni litabeba anwani kamili, herufi kwa herufi, na karatasi yenye mistari mitatu niliyoitaja leo itabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi ya kata na za vijiji vyote.

Wazazi wetu walitufundisha kwamba kuuliza si ujinga. Fundisho hilo lingali zima. Ninawaomba tuliongezee jambo moja tunapofunga mkutano huu: kabla ya kulisadiki jibu, tujue tumemuuliza nani, na nani anamlipa. Mwanangu yuko shuleni sasa, na cheti chake hatimaye nilikipata kwa njia iliyo halali. Ningependa cheti cha mtoto wako kipatikane kwa njia hiyo tangu siku ya kwanza.